Vifaranga, matembe na mitetea wanaotaga banda moja: nani ale nini?

#1 Kisado

Wakuu, swali hili linajirudia kila mwezi na kila mara linajibiwa nusunusu, basi tuliweke mahali pamoja. Banda la uani lenye kuku ishirini hadi arobaini halina rika moja. Utakuta mitetea wanaotaga, jogoo mmoja au wawili, matembe (majike machanga yasiyoanza kutaga) na mapora (majogoo machanga) wa miezi mitatu, halafu mtetea mmoja katoka kuangua na vifaranga kumi na tano wanamfuata. Duka la pembejeo lina mifuko ya aina tatu: cha vifaranga, cha kukuzia ambacho mfukoni kimeandikwa growers, na cha kutagia, yaani layers. Nunua yote mitatu, mimina kwenye vyombo vitatu, na kabla ya saa sita mchana mitetea watakuwa wamemaliza cha vifaranga, na vifaranga wamesimama miguu yote ndani ya cha kutagia.

Wengi wanadhani tofauti ya mifuko hiyo ni protini. Protini zinakaribiana: vifaranga 18 hadi 20%, kukuzia 15 hadi 16%, kutagia 16 hadi 17%. Tofauti yenye madhara iko kwenye kalsiamu. Cha vifaranga na cha kukuzia vina kama 1%. Cha kutagia kina 3.5 hadi 4%, na nyongeza hiyo ni chokaa ya mifugo tu, kama kilo 8 katika kila kilo 100.

Kwa hiyo chakula cha banda zima kiwe cha kukuzia. Chokaa itolewe kwenye chakula iwekwe kwenye chombo chake, anayetaga ajichukulie. Vifaranga walio chini ya wiki 8 wapewe mahali pa kulia ambapo mkubwa hapiti. La msingi ndilo hilo, karibuni kwa vipimo na kwa ubishi.

#2 Pora_la_Mjini

Ubishi naanza mimi. Watu kibao wanalisha cha kutagia banda zima, vifaranga wanakua na maisha yanaendelea. Hii chokaa mnaitia chumvi.

#3 BibiMifugo

Mkuu Pora, wanaokua ndio unaowaona. Mtetea anaitoa kalsiamu kwenye ganda la yai karibu kila siku. Kifaranga na tembe hawana mlango huo, inabidi ipite kwenye figo. Figo zikizidiwa, asidi ya yuriki inashindwa kutoka na kuanza kuganda ndani ya mwili. Kifaranga hafi siku hiyohiyo. Anadumaa, anakunywa maji kuliko wenzake, kinyesi chake kinakuwa cheupe chenye maji, halafu anakutwa amekufa wiki ya tano au ya nane na watu wanasema ni mdondo (kideri) au ni baridi.

Mpasue aliyekufa uone. Figo ziko mgongoni, zimejibana kwenye mifupa ya nyonga. Zikiwa nzima zina rangi nyekundu iliyokolea kama ini. Zilizoharibika zimevimba, zimepauka, zina michirizi myeupe. Kwenye moyo na juu ya ini utakuta unga mweupe kama mtu amepaka chaki. Ukiukuta huo, kaulize chombo cha chakula kabla ya kukimbilia antibayotiki. Tahadhari moja: kukosa maji muda mrefu na baadhi ya magonjwa ya figo navyo huleta unga huohuo, kwa hiyo kagua na vyombo vya maji.

Vijijini hali inaonekana tofauti kwa sababu kifaranga anayezurura anapata sehemu kubwa ya riziki yake kwa wadudu na mbegu, anadonoa cha kutagia kidogo tu. Wa uani mjini, anayefungiwa siku nzima na mfuko mmoja, hana pa kujiokoa.

Tembe naye yumo. Kumuwekea cha kutagia akiwa na wiki 10 ili "atage mapema" hakumharakishi, kunampunguzia umri wa figo. Madhara yanakuja kuonekana akiwa katikati ya kutaga.

#4 Pora_la_Mjini

Sawa dada, hiyo ya kupasua nimeielewa. Sasa vifaranga unawatengaje na mama yao bila kujenga banda la pili?

#5 FundiMabanda

Huwatengi na mama, unawatengea meza. Njia mbili.

Ya kwanza ni tenga la kawaida la kubebea kuku. Lipindue, liinue kwa mawe matatu kama mafiga, nafasi ya chini iwe sentimita 10, chakula kiwe katikati. Vifaranga wanapita chini, mama anabaki nje akilalamika. Wakifika wiki ya nne inua mpaka 13. Weka jiwe zito juu, maana mtetea mwenye njaa analipindua tenga tupu bila shida.

Ya pili inadumu zaidi: kizimba cha fito, mita 1 kwa mita 1, kimo nusu mita, chenye kifuniko. Fito zisimame wima, uwazi kati ya fito na fito sentimita 5. Wakifika wiki ya tano ng'oa fito chache upande mmoja, uache nafasi za sentimita 7. Usizidishe hapo, mtetea mwembamba wa kienyeji akishaingiza kichwa na bega moja, mwili utafuata.

Makosa yanayoharibu kizimba ni haya. Kihori kuwekwa karibu na fito: shingo ya mtetea inafika sentimita 20 na zaidi, kwa hiyo kiweke katikati kabisa. Kukosa kifuniko: ataruka juu. Kuweka chakula bila maji: vifaranga watatoka kutafuta maji na njiani watakutana na chombo cha wakubwa. Na mlango wa kizimba ufunguke kutoka juu, ili usafishe bila kutambaa.

Chombo cha wakubwa nacho kina kimo chake. Mdomo wa chombo uwe usawa wa mgongo wa kuku unayetaka ale. Kwa mitetea ni kama sentimita 25 kutoka chini, ukining'iniza kwa kamba. Kifaranga wa wiki mbili hafiki. Wa wiki tano anaruka na kutua juu yake, ndiyo maana kimo peke yake si kinga ya kutosha, na ndiyo maana Kisado anasema chakula cha wakubwa chenyewe kiwe kile ambacho hata kifaranga akiiba hakimdhuru.

#6 Leya_wa_Tegeta

Mimi napinga upande wa pili. Mtetea wa kisasa, wale wekundu wanaotaga karibu kila siku, ukimpa cha kukuzia anaporomoka. Mayai laini, mayai bila ganda, halafu analala chini hawezi kusimama. Nani kati yenu amepiga hesabu ya kalsiamu?

#7 BibiMifugo

Hesabu hii hapa. Ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalsiamu safi. Kuku hanyonyi yote anayokula, hupata kama nusu, basi anahitaji karibu gramu 4 kwa siku ya kutaga. Akila gramu 115 za cha kukuzia chenye 1%, amepata gramu 1.15. Upungufu ni karibu gramu 3. Chokaa nzuri ina kalsiamu kama 38%, kwa hiyo upungufu huo unazibwa na gramu 7 hadi 8 za chokaa au maganda ya chaza. Kiganjani ni kijiko cha chai kilichojaa wastani. Mitetea 12 ni gramu 90 kwa siku.

Hiyo gramu 7 lazima iwe ya chenga. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wananunua chokaa ya unga kama poda, wanaimwaga kwenye sahani, kuku hawaigusi, halafu wanasema njia haifai. Kuku anachagua kwa jicho na kwa mdomo, anataka punje ya milimita 2 hadi 4. Punje hiyo inakaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, na usiku ndio ganda linajengwa. Yai linakaa kwenye mfuko wa ganda kama saa 20. Unga unapita haraka. Ukikaa karibu na chombo saa kumi na moja jioni utawaona mitetea wanaotaga wakija mmoja mmoja, wanadonoa punje kumi au ishirini, wanaondoka. Jogoo anapita, anadonoa mbili, anaacha. Tembe hana habari nayo. Kwa hiyo chombo cha chokaa kijazwe kabla ya jioni, na kisinyeshewe.

Pwani hamna udhuru: maganda ya chaza, kome na makombe yapo. Osha chumvi, kausha, twanga kwenye kinu, chekecha. Unga mweupe unaopita kwenye chekeche weka kando, utumie kwenye mchanganyiko. Bara tumieni chokaa ya mifugo ya chenga. Maganda ya mayai pia yanafaa ila yakaangwe kwanza kwenye sufuria kavu mpaka yawe yanavunjika kwa vidole, kisha yavunjwe vipande vidogo visivyofanana na yai. Ukiwatupia ganda nzima nzima, unawafundisha kula mayai.

Usichanganye chokaa na changarawe. Changarawe ni mawe ya kusagia, hayayeyuki, hayatoi kalsiamu. Chaza inayeyuka, haisagi. Viwe vyombo viwili.

#8 Leya_wa_Tegeta

Kalsiamu nimekubali. Protini je? Cha kukuzia cha mifuko mingine ni 15% kwa karatasi, kwa uhalisia ni pumba tupu.

#9 Kisado

Hoja yako ina uzito. Gramu 115 kwa 15% ni gramu 17.25 za protini. Kwa chotara anayetaga mayai manne au matano kwa wiki inatosha. Kwa mwekundu wa kisasa inakuwa mpakani, na ukiwa nao wengi, wape banda lao na mfuko wao wa kutagia. Huko si kuchanganya rika tena, ni mradi mwingine.

Kwa banda la chotara na kienyeji, pandisha mfuko kwa dagaa. Unataka 17%, mfuko ni 15%, dagaa wakavu safi ni kama 55%. Toa: 17 kutoa 15 ni 2, hiyo ni sehemu ya dagaa. 55 kutoa 17 ni 38, hiyo ni sehemu ya mfuko. Jumla 40, kwa hiyo dagaa ni 2 kati ya 40, sawa na 5%. Mfuko wa kilo 50 unaongezewa kilo 2.6 za dagaa waliosagwa. Usipite 10% ya chakula chote, mayai yataanza kunuka samaki.

#10 OmenaKisumu

Huku kwetu Kenya tunaita omena, na shida ni ileile: zinauzwa na mchanga nusu. Pia kuna mfuko unaoitwa kienyeji mash, wauzaji wanasema ni wa kuku wa kila umri baada ya wiki nane. Nauliza, huo unaweza kushika nafasi ya cha kukuzia?

#11 BibiMifugo

Soma kalsiamu kwenye lebo, jina la mfuko lisikutishe. Ikiwa karibu na 1%, tumia. Ikizidi 2%, huo ni wa kutagia umevaa nguo nyingine.

Lebo isipotaja, tumia siki au ndimu. Chukua kijiko cha unga wa mfuko unaoutilia shaka na kijiko cha mfuko unaojua ni wa kukuzia, vitandaze kwenye visahani viwili, mwagia siki. Chokaa inachemka kwa povu ikikutana na asidi. Cha kukuzia kitatoa vitone vichache vya povu hapa na pale. Cha kutagia kitafoka sahani nzima na utasikia mlio wake ukiinama. Haikupi asilimia, ila inakuambia uko upande gani.

#12 Kisado

Na mchanga wa omena unapimwa na glasi ya maji. Saga kidogo, weka vijiko viwili kwenye glasi, koroga, acha dakika tano. Mchanga unazama wa kwanza na kukaa chini kama mstari wa kijivu, nyama inabaki juu yake au inaelea. Mstari ukiwa robo ya vilivyozama, umenunua ufukwe. Halafu onja dagaa mmoja. Wa ziwani hawana chumvi nyingi, wa baharini wengine wamechovywa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Ukitumia hao, punguza au ondoa chumvi kwenye mchanganyiko. Chumvi yote kwenye chakula ikae chini ya nusu ya asilimia, na vifaranga ndio wa kwanza kulewa nayo: kiu kali, kuharisha maji, kuyumba.

#13 Mama_Vihori

Kwa wanaochanganya wenyewe, huu ni mchanganyiko wa banda la rika zote kuanzia wiki 8, kilo 100:

Mahindi yaliyoparazwa 46
Pumba laini za mahindi 18
Mashudu ya alizeti 20
Soya iliyokaangwa na kusagwa 6
Dagaa waliosagwa 7
Mifupa iliyosagwa 2
Chokaa ya unga 0.5
Chumvi 0.25
Premiksi ya kukuzia (vitamini na madini) 0.25

Protini inakuja karibu 17%, kalsiamu kama 1.1%. Angalieni, chokaa ni nusu kilo tu. Mtu akikuambia weka kilo nane "ili wa mayai wafaidi", amekutengenezea cha kutagia, turudi mwanzo wa uzi. Premiksi fuateni kipimo cha pakiti yake, hazifanani.

Kuchanganya kwenyewe: premiksi na chumvi usizimwage juu ya lundo la kilo mia ukategemea koleo. Zichanganye kwanza na kilo moja ya pumba, hiyo kilo moja ichanganye na kilo kumi, ndipo kumi ziingie kwenye lundo. Geuza lundo lote kwa koleo mara tano, kila mara ukilihamisha kabisa kutoka sehemu moja ya sakafu kwenda nyingine. Lundo linalogeuzwa pale pale lina kitovu kisichoguswa.

Soya mbichi ni hasara. Ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe, kuku anakula anadumaa na kongosho linavimba. Kaanga mpaka ganda lipasuke na harufu ya ubichi iishe, au chemsha dakika 30 tangu maji yachemke, kisha anika mpaka ikauke kabisa. Mashudu ya pamba yaacheni: yana sumu inayodhuru kuku, na kiini cha yai kikikaa siku kadhaa kinageuka rangi ya kijani chafu.

#14 Pora_la_Mjini

Kwa nini pumba na mashudu ni nyingi hivyo kama mahindi yapo?

#15 Mama_Vihori

Bei, mkuu. Na nyuzinyuzi zinawapa matembe na majogoo shibe bila kunenepa. Kwa vifaranga hawa chini ya wiki 8 mchanganyiko huu haufai kwa sababu hiyohiyo: firigisi ndogo, nyuzinyuzi nyingi, wanashiba kabla hawajapata protini. Wao nunua mfuko wa vifaranga. Wanakula kidogo sana, kuwatengenezea nyumbani si mahali pa kubania.

#16 Leya_wa_Tegeta

Tupeni basi viwango vya kwa siku, maana "wape cha kutosha" ndiyo inayomaliza mifuko.

#17 Kisado

Kwa kuku mmoja kwa siku: wiki ya kwanza gramu 10 hadi 12, ya tatu 25, ya sita 40, ya nane 50. Wiki ya kumi na mbili kama 70, ya kumi na sita 80. Anayetaga 110 hadi 120, jogoo wa chotara hivyohivyo. Wanaotoka kuzurura nusu siku, punguza robo kwa wakubwa, usiwapunguzie wadogo.

Mfano: mitetea 12 na jogoo 2 kwa gramu 115 ni kilo 1.61. Matembe na mapora 9 kwa gramu 70 ni kilo 0.63. Vifaranga 15 wa wiki tatu kwa gramu 25 ni kilo 0.375. Jumla kilo 2.6 kwa siku, karibu kilo 78 kwa mwezi. Usipime kwa macho. Chukua kopo, jaza chakula chako, pima kwenye mizani ya duka mara moja, piga mstari wa msumari kwenye kopo usawa wa nusu kilo. Ukibadilisha aina ya chakula pima upya, pumba ni nyepesi kuliko mahindi.

Wape mara mbili, theluthi asubuhi na mbili zilizobaki kuanzia saa tisa alasiri. Kihori kisijazwe kupita theluthi ya kina chake. Kikijaa mpaka ukingoni, kuku anachambua na mdomo, na sehemu kubwa inakwenda chini. Chakula kilicho chini kinalowa, kinachanganyika na kinyesi, na vifaranga wanakifuata hukohuko. Kuhara damu kunaanzia hapo.

Vihori viwe viwili au vitatu, mita mbili kati yao, sentimita 10 za ukingo kwa kila mkubwa. Kikiwa kimoja, mtetea mbabe anakilinda na matembe wanakula makombo. Tembe mwenye uzito mdogo kuliko wenzake mara nyingi si mgonjwa, hana nafasi mezani.

Maji: mara mbili ya uzito wa chakula, siku za joto mara tatu. Kuku asiyekunywa hali.

#18 OmenaKisumu

Na tembe anaruhusiwa chokaa akiwa na umri gani? Mifuko inasema wiki 18.

#19 BibiMifugo

Wiki 18 imeandikwa kwa ajili ya kuku wa kisasa wa mayai. Chotara wengi wanaanza wiki ya 20 hadi 24, wa kienyeji hata miezi sita na zaidi. Ndiyo faida ya chombo cha pembeni, hakuna wa kuhesabu wiki. Undu, yaani kishungi cha kichwani, ukiwa mwekundu na tembe akichuchumaa ukimgusa mgongo, ataanza mwenyewe kutembelea chombo cha chokaa siku chache kabla ya yai la kwanza.

#20 FundiMabanda

Mmeruka ghala. Mfuko ukae juu ya chaga, sentimita 15 kutoka sakafuni, usiguse ukuta. Pwani yenye unyevu usichanganye chakula cha zaidi ya wiki tatu, mafuta ya dagaa yanachacha na vitamini zinakufa.

Mahindi yenye ukungu hayaoshwi wala hayaanikwi yakapona. Sumukuvu haitoki kwa jua wala kwa moto wa jikoni. Ni ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na yale "mahindi mabovu ya kuku" tunayouziwa kwa bei nafuu ndiyo makao yake. Vifaranga wanaathirika kabla ya mitetea, na bata ni wepesi kuliko wote. Kupima ukavu kabla ya kununua: chupa kavu, weka mahindi theluthi, ongeza kijiko cha chumvi iliyokaushwa motoni na kupoa, funga, tikisa dakika mbili tatu. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu uko juu ya 15%, achana nayo. Isiponata ni afadhali, ila kwa kuhifadhi miezi unataka 13%.

#21 Pora_la_Mjini

Mabaki ya jikoni? Kuna nyumba kuku wanaishi kwa ugali na wali wa jana.

#22 Mama_Vihori

Yasizidi sehemu moja ya kumi. Ugali na wali ni wanga, kuku anashiba, anaacha chakula chenye protini, mayai yanapungua, na unadhani mfuko ni mbaya. Wape jioni baada ya kula chakula chao, wamalize ndani ya dakika kumi na tano, kinachobaki kiondolewe.

Yasiyoingia bandani: maharage yasiyoiva, maganda na kokwa la parachichi, maganda ya viazi yaliyogeuka kijani, mchuzi wenye chumvi. Mchicha, majani ya mlonge, majani ya maboga ni mazuri, yafunge kitita uyaning'inize. Majani ya lukina, ule mti wa malisho, yawe kidogo, kitita kimoja kwa banda zima. Mchwa wa chungu, chungu kilichojazwa mabua na samadi kavu iliyoloweshwa na kufunikwa juu ya njia ya mchwa usiku, kumimina alfajiri kwenye kizimba cha vifaranga: hiyo haina mpinzani, na haina bei.

#23 BibiMifugo

Moja la mwisho upande wa dawa. Baadhi ya vyakula vya vifaranga vina kinga ya kuhara damu ndani yake. Soma mfuko. Mitetea wakila, mabaki ya dawa yanaweza kuingia kwenye mayai, sababu nyingine ya kizimba kufungwa vizuri. Na kama kuna kanga au bata mzinga uani, kuwa mwangalifu maradufu: salinomisini, mojawapo ya dawa hizo, inaua bata mzinga kwa kipimo ambacho kuku hakimdhuru.

#24 Leya_wa_Tegeta

Na mama mwenye vifaranga? Yeye anahesabiwa wapi, kwa wakubwa au kwa wadogo?

#25 Kisado

Kwa wadogo, mkuu. Anayelea hatagi, kwa hiyo hana ganda la kujenga. Ukitaka amani wiki mbili za mwanzo, wafungie pamoja yeye na vifaranga, ale chakula chao, mradi hakina dawa. Yeye ndiye anayewaonyesha chakula, anaokota punje, anaidondosha, anawaita. Ukiona ameanza kuwadonoa na undu umerudi kuwa mwekundu, yai liko njiani. Hapo mtoe, arudi kwenye chokaa.